Jenereta Huharibika Ikiwa Imelala: Mwongozo Kamili wa Kutunza Jenereta ya Petroli ya Nyumbani

Mwishoni mwa mwaka 2023 jenereta yetu hapa Tanga ilikuwa haipumziki. Mgao wa umeme ulikuwa umekolea, na karibu kila jioni kijana wangu aliivuta kamba, ikaitika kwa mvuto wa kwanza au wa pili, taa zikawaka na friji yenye insulini ya shangazi ikaendelea kupoza. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ukaanza kuzalisha umeme. Mgao ukapungua, kisha ukaisha, nasi tukaisahau jenereta nyuma ya nyumba, chini ya turubai.

Miezi minane baadaye, usiku wa mvua, waya wa mtaani ukaanguka. Tulivuta kamba kwa zamu mpaka viganja vikachubuka. Haikuwaka. Saa tano usiku nilikuwa natembea kwenye tope kwenda kwa jirani mwenye sola, mkononi nina ndoo ya barafu na insulini imeviringishwa taulo isiguse barafu.

Fundi aliyekuja asubuhi hakubadilisha kifaa hata kimoja. Alifungua kabureta, sehemu inayochanganya petroli na hewa, akanionyesha utando wa kahawia, mzito kama gundi, umeziba kitundu chembamba kama sindano. Ilikuwa ni petroli ya mwaka uliopita. Mashine ilikuwa nzima kabisa; ilikuwa imelala mno.

Tangu siku hiyo naitazama jenereta kwa jicho jingine. Gari tunalihudumia kwa sababu linatembea kila siku na linatukumbusha. Jenereta ya akiba haitukumbushi. Inachakaa ikiwa imekaa kimya: petroli inachacha, betri inakufa, unyevu wa pwani unaingia kwenye silinda, nyigu wanajenga kwenye ekzosi. Hata mashirika makubwa hukutwa na hili. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, jenereta ya sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haikuwaka, abiria wakabaki gizani, na waziri akalazimika kuomba radhi.

Yanayofuata ni yale ninayoyafanya mwenyewe sasa, hatua kwa hatua. Yanahusu jenereta za petroli zenye injini ya mipigo minne, zenye uwezo wa kuanzia kVA 2 hadi 7, za kuvuta kamba au za ufunguo, ambazo ndizo zimejaa majumbani. Vile vijenereta vidogo kabisa ambavyo petroli huchanganywa na oili ndani ya tangi moja ni vya mipigo miwili, na sehemu ya oili hapa chini haiwahusu wenye navyo. Vipimo ninavyotaja ni vya injini za kawaida za aina hii. Kitabu cha mashine yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Kabla hujashika spana

Kuna mambo matatu yanayoua watu, na hayasubiri mtu awe fundi.

La kwanza ni moshi. Ndani ya moshi wa jenereta kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu haioni ikija. Kichwa kinamuuma, anasikia usingizi, analala moja kwa moja. Jenereta haiwashwi jikoni, wala varanda iliyozungushiwa ukuta, wala koridoni hata kama mlango uko wazi. Iweke nje, mita sita au zaidi kutoka kwenye nyumba, ekzosi ikielekea mbali na madirisha yako na ya jirani. Mvua ikinyesha ijengee kibanda cha bati chenye pande wazi. Usiiingize ndani.

La pili ni kurudisha umeme kwenye laini. Wapo wanaochukua waya wenye plagi ya dume pande zote mbili, upande mmoja jenereta, upande wa pili soketi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka. Umeme huo haukai nyumbani kwako. Usipozima swichi kubwa unatoka nje hadi kwenye transfoma, na transfoma inaupandisha: volti 230 zako zinakuwa 11,000 au 33,000 kwenye waya ambao fundi wa TANESCO amepanda nguzo akijua hauna umeme. Mwite fundi umeme mwenye leseni akufungie chenjiova, ile swichi yenye mkono unaochagua ama laini ama jenereta, kamwe si zote mbili. Kama huna bado, tumia waya wa kurefusha na uchomeke friji na taa moja kwa moja kwenye jenereta.

La tatu ni petroli kwenye mashine ya moto. Zima, subiri dakika kumi na tano ipoe, ndipo umimine. Usiku ni rahisi kusahau hili kwa sababu ya haraka, na usiku ndipo mtu anapomulika tangi kwa kibatari au mshumaa. Tumia tochi.

Kabla ya kufungua chochote, zima mashine, iache ipoe, kisha chomoa kofia ya waya wa plagi ya injini, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, ili isije ikawaka ukiwa umeshika ndani. Kama ni ya ufunguo, fungua pia waya hasi wa betri.

Vifaa si vingi: spana za 10, 12 na 14, boksi ya plagi ya 21, bisibisi bapa na ya nyota, faneli, beseni la zamani, brashi ya waya, matambara yasiyotoa nyuzi, na maltimita ndogo ya kupimia volti. Hiyo maltimita usiione kama ya mafundi tu. Bila hiyo utajua jenereta inanguruma, lakini hutajua inatoa nini.

Oili

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu, fanya hili. Injini hizi hazina pampu ya oili wala kichujio cha oili kama gari. Chini kuna oili kidogo, na kijiko kilichofungwa kwenye injini kinairusha huku na huku. Uchafu wote, chembe za chuma na masizi, unabaki mle mle ukizunguka. Ndiyo maana oili yake hubadilishwa mapema kuliko mtu anavyodhani.

Jenereta mpya, oili ya kwanza inatolewa baada ya saa 20 za kazi au mwezi mmoja. Usiruke hii. Chuma kipya kinasuguana na kuacha vumbi la chuma, na ukiitoa oili hiyo na kuiweka juani utaona inang'aa kama rangi ya fedha. Baada ya hapo, kila saa 100 au kila miezi sita, lolote litakalotangulia. Mwenye kuiwasha saa mbili kwa mwezi naye abadilishe kila miezi sita, kwa sababu oili inayokaa hunyonya unyevu na kuwa chachu, na chachu hiyo inakula chuma polepole.

Aina: SAE 30 inafaa joto letu la pwani, 10W-30 inafaa pwani na vilevile kwenye baridi ya Mbeya, Njombe au Limuru. Nunua oili ya injini za petroli za mipigo minne. Kiasi ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri: injini za kVA 2 hadi 3 huchukua lita 0.6 hivi, na za kVA 5 hadi 6.5 huchukua lita 1.1 hivi. Ukiishindilia lita nzima kwenye injini ndogo, oili itapanda hadi kwenye kichujio cha hewa, moshi mweupe utatoka, nawe utadhani umeharibu mashine.

1. Iwashe dakika tano ipate vuguvugu. Oili ya vuguvugu inatoka na uchafu wake. Iliyopoa inauacha chini. Usisubiri iwe ya moto, inaunguza.
2. Zima, funga koki ya petroli, chomoa kofia ya plagi.
3. Iinue juu ya matofali mawili, beseni chini. Fungua kifuniko cha kujazia, kisha bolti ya kutolea oili iliyo chini ya injini.
4. Iinamishe kidogo upande wa bolti ili mabaki yatoke. Itazame oili: nyeusi ni kawaida, nyeupe kama chai ya maziwa maana yake maji yameingia, yenye chembe za chuma kwenye mashine ya zamani ni habari mbaya, mwonyeshe fundi.
5. Rudisha bolti na washa yake, ile pete bapa inayokaa chini ya kichwa cha bolti. Pete hiyo ikiwa imebonyea sana, weka mpya. Kaza hadi ishike, usitumie nguvu zote. Mwili wa injini ni wa alumini na nyuzi zake zinakatika.
6. Mashine ikiwa imekaa sawasawa chini, mimina oili mpya kidogo kidogo.
7. Pima. Futa kijiti cha kupimia oili, kiingize bila kukizungusha, kitoe, soma. Injini nyingi za aina hii husomwa kijiti kikiwa hakijakazwa, na hapa watu wengi hukosea kwa miaka. Oili ifike alama ya juu, au ifike ukingoni mwa tundu.

Injini nyingi zina kihisio kinachozima mashine oili ikipungua. Kinasaidia, lakini kina madhara yake: ukiweka jenereta kwenye mteremko, kinadhani oili imeisha na kinakataa kuwaka. Nimeshuhudia watu wakifungua kabureta siku nzima kumbe tatizo ni sakafu.

Oili chafu irudishe kwenye dumu. Usiimwage mtaroni, mvua ya kwanza itaipeleka kwenye kisima cha mtu. Gereji zinaipokea, na wajenzi huitafuta kupakia nguzo na mbao dhidi ya mchwa.

Hewa

Kichujio cha hewa, ambacho mafundi hukiita eya klina, kiko ndani ya kifuniko cha plastiki karibu na kabureta. Kifungue kila saa 50 za kazi. Kwa sisi wenye barabara za vumbi, au msimu wa ujenzi jirani, kila saa 10 si mapema.

Cha sponji kinaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji, kinakamuliwa kwa kubanwa bila kusokotwa, kinakaushwa kivulini mpaka kikauke kabisa. Kisha kidondoshee oili safi ya injini, kibane ienee, ukamue ya ziada. Ile oili ndiyo inayokamata vumbi. Sponji kavu ni ungo wa matundu makubwa. Usikioshe kwa petroli. Cha karatasi hakioshwi. Kigonge taratibu kwenye kiganja, na kikibaki cheusi nunua kingine.

Usiiwashe jenereta bila kichujio hata kwa dakika tano za majaribio. Mchanga unaoingia mle unasugua silinda kama msasa.

Plagi

Plagi inakueleza injini inaishije, ukijua kuisoma. Vuta kofia ya mpira kwa kushika kofia yenyewe, usishike waya. Pangusa vumbi lililozunguka plagi kabla ya kuifungua, lisije likadondokea ndani. Fungua kwa boksi ya 21.

Ncha ya rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya rangi iliyopoa, ni injini yenye afya. Masizi meusi makavu yanasema petroli ni nyingi kuliko hewa: kichujio kimeziba, au mtu anasahau kurudisha choki, kile kimkono kinachobana hewa wakati wa kuwasha. Nyeusi ya mafuta inayoteleza inasema oili inapanda kwenye silinda. Nyeupe kavu inasema inakosa petroli na inapata joto kupita kiasi, na mara nyingi kabureta imeanza kuziba.

Isugue kwa brashi ya waya, kisha pima nafasi kati ya ncha mbili: milimita 0.7 hadi 0.8. Kuna kifaa cha vibao vyembamba vya kupimia, bei yake ndogo katika maduka ya spea. Ikiwa pana, gonga ule mkono wa pembeni kidogo kidogo. Kuirudisha, anza kwa vidole mpaka ifike mwisho, ndipo utumie spana: mpya nusu mzunguko, iliyotumika robo tu au chini ya hapo. Ikikazwa kwa spana tangu mwanzo, siku moja itaingia mshazari, na kutengeneza tundu la plagi lililoharibika ni gharama kubwa kuliko plagi hamsini.

Isafishe kila saa 100, ibadilishe kila saa 300, au mara moja kwa mwaka kama unaitegemea. Na moja mpya ikae daima kwenye boksi la vifaa.

Petroli na kabureta

Hapa ndipo jenereta nyingi za akiba zinapofia, na hapa ndipo ningependa usome taratibu.

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, vingine vyepesi vinavyoruka haraka. Hivyo vyepesi ndivyo vinavyoifanya iwake upesi. Ikikaa kwenye tangi lenye tundu la hewa, katika joto la nyuzi 30 na ushei, vyepesi vinaondoka, vinavyobaki vinaungana na hewa na kugeuka ute. Ndani ya mwezi mmoja inaanza kuchoka. Ndani ya miezi mitatu usiitegemee tena. Kuitambua ni rahisi: rangi inakolea, na harufu haichomi tena puani, inakuwa kama ya vanishi ya fundi seremala.

Kwenye kabureta hali ni mbaya zaidi kwa sababu kikombe chake kinashika petroli kidogo tu. Inakauka, ute unabaki, na ute huo unakaa kwenye kitundu kile kile ambacho petroli yote ya injini inapita.

Kinga yake ni ndogo mno ukilinganisha na adhabu: kila unapomaliza kutumia na hutegemei kuiwasha tena ndani ya wiki mbili tatu, usizime kwa swichi. Funga koki ya petroli uiache ijizime yenyewe. Itaunguruma dakika moja au mbili zaidi, itakohoa, itakufa. Kabureta imekauka. Ndipo uzime swichi. Kuna tone litakalobaki chini ya kikombe, na kwa mapumziko marefu legeza skrubu ya chini ya kikombe nalo litoke.

Tangi nalo lisikae nusu. Nusu ya hewa ndani ya tangi la chuma, usiku unapopoa, hutoa jasho. Maji hayo ni mazito kuliko petroli, yanazama chini na kuanza kutu. Ama lijaze, ama likaushe kabisa. Mimi nalikausha na petroli naitia kwenye gari ingali mpya, kisha naweka dumu moja la akiba ambalo nalibadilisha kila mwezi. Dumu liwe la kuhifadhia mafuta, mfuniko unaobana, likae nje kivulini, mbali na jiko na mbali na chumba anacholala mtu.

Kila saa 100, au mara mbili kwa mwaka, safisha kikombe cha uchafu kilicho chini ya koki, kama mashine yako inacho. Funga koki, fungua kikombe, mwaga maji na mchanga utakaokuta, futa, angalia mpira wake wa duara haujapasuka, rudisha. Angalia pia mpira wa kupitisha mafuta. Ukiukunja na kuona nyufa, badilisha.

Sasa, kama umechelewa na kabureta imeziba, dalili zake ni hizi: haiwaki kabisa ingawa plagi ina cheche, au inawaka choki ikiwa imefungwa tu, ukiirudisha inazima, au inapanda na kushuka, inanguruma na kunong'ona, hata bila mzigo. Kabla ya kuifungua yote, jaribu kikombe:

1. Funga koki. Weka beseni chini ya kabureta.
2. Kwa spana ya 10, fungua bolti iliyo chini ya kikombe. Kikombe kitashuka na petroli yake. Tazama mpira wake umekaaje ili uurudishe vilevile.
3. Juu katikati utaona bomba fupi lenye mkato wa bisibisi. Hiyo ndiyo jeti kuu. Tumia bisibisi bapa inayoingia sawasawa, maana ni shaba na inaumia haraka. Itoe, na kijibomba chenye matundu kilicho juu yake kitadondoka.
4. Ielekeze jeti kwenye mwanga. Lazima uone tundu la duara, jeupe, kamili. Ukiona giza au nusu mwezi, umeukuta ugonjwa.
5. Ilowekee kwenye dawa ya kusafishia kabureta, puliza. Uchafu usipotoka, tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme. Usitumie sindano wala waya wa chuma. Ukilipanua tundu, mashine itakunywa petroli maisha yake yote.
6. Rudisha kwa mpangilio ule ule, fungua koki, subiri dakika mbili uangalie kama pana kuvuja, kisha vuta kamba.

Usipofaulu hapo, mpelekee fundi. Usiguse skrubu za gavana, kidhibiti cha mwendo wa injini, zile zenye springi pembeni ya injini. Nimeona nyumba ambayo mtu alikaza springi ili taa ziwe kali, na televisheni mbili zikaondoka jioni hiyo hiyo.

Iwashe kila mwezi, na uipe kazi

Chagua siku isiyosahaulika. Sisi ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Iwashe kwa dakika 20 hadi 30. Dakika mbili za kuisikia tu haziifai kitu, zinaidhuru: injini haipati joto la kutosha kukausha maji yanayotokea ndani yake yenyewe ikiwaka.

Pima oili kwanza. Iwashe bila mzigo, irudishie choki inapotulia, iache dakika tatu. Kisha iwashie mzigo wa kweli, karibu nusu ya uwezo wake. Pasi ya wati 1,000 ni kipimo kizuri. Kwa mashine kubwa ongeza birika la umeme. Usijaribie kwa friji, maana jaribio likienda vibaya friji ndiyo itakayoumia.

Wakati wa kuzima, zima vyombo kwanza, iache itulie dakika mbili bila mzigo, ndipo ufunge koki. Kuizima ghafla ikiwa imebeba mzigo kunaweza kuipunguzia sumaku ile ndogo inayobaki ndani, ambayo ndiyo inayoiamsha safari ijayo.

Upande wa umeme

Maltimita ikiwa kwenye volti za AC, pima kwenye soketi ya jenereta. Bila mzigo utegemee kati ya 220 na 240. Kama mita yako inasoma hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, zitakuwa juu kidogo ya 50 bila mzigo na kushuka karibu na 50 ukiwasha pasi. Jenereta nyingi za petroli zinazunguka mara 3,000 kwa dakika kupata hezi hizo, kwa hiyo volti na mwendo vinakwenda pamoja.

Volti zikipepesuka, au zikishuka chini ya 200 pasi inapowaka, usichomeke chombo cha thamani. Inaweza kuwa injini imekosa pumzi (rudi kwenye hewa na petroli), inaweza kuwa AVR, kile kifaa kinachosawazisha volti, au brashi za kaboni zilizokwisha. Na kama injini inanguruma vizuri lakini soketi haina kitu, angalia breka kwanza. Ikiwa breka iko juu, huenda imepoteza ile sumaku kwa kulala muda mrefu. Fundi huirudisha kwa kuigusisha betri ya volti 12 kwenye brashi, AVR ikiwa imechomolewa. Ni kazi ya dakika chache, lakini mwachie anayeijua, kwa kuwa ukikosea unaunguza AVR.

Puliza vumbi kwenye matundu ya kupoozea, upande wa alteneta, sehemu inayozalisha umeme, na kwenye mapezi ya injini. Panya hupenda kulala mle na kuacha makumbi na matambara. Injini iliyozibwa hivyo inaungua bila kelele.

Betri, kwa za ufunguo

Betri ya jenereta ya akiba hufa kwa kukaa bila chaji. Iliyojaa inasoma volti 12.6 au zaidi ikiwa imepumzika. Ikishuka chini ya 12.4 ichaji. Dakika 30 za kila mwezi mara nyingi hazitoshi kuijaza, kwa hiyo kila baada ya miezi miwili iunganishe na chaja usiku mmoja. Ukoga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake usugue kwa maji ya moto na brashi, kausha, paka mafuta ya mgando. Wakati wa kufungua anza na hasi, wakati wa kufunga malizia na hasi. Na hata kama ni ya ufunguo, jifunze kuvuta kamba yake.

Wenye dizeli

Kwa ufupi, maana ni somo lake. Oili mara nyingi kila saa 250 pamoja na kichujio chake. Maji kwenye kichujio cha dizeli yatolewe kila mwezi, kwa sababu maji ndiyo yanayoua pampu na nozeli. Ukiishiwa mafuta kabisa lazima utoe upepo kwenye mfumo kabla haijawaka. Na dizeli inachukia kazi nyepesi: ikikimbia saa nyingi na taa mbili tu, inajaza masizi na mafuta mabichi kwenye ekzosi. Ipe angalau theluthi ya uwezo wake.

Ikikaa muda mrefu, hasa pwani

Ukijua hutaitumia miezi mitatu au zaidi, badilisha oili kwanza ili isilale na oili chachu. Kausha tangi na kabureta. Fungua plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi kwenye tundu lake, vuta kamba taratibu mara mbili tatu ienee, rudisha plagi. Kisha vuta kamba polepole mpaka usikie inagoma, uachie hapo hapo. Ikigoma maana yake valvu zote mbili zimefunga, na hewa yenye chumvi haina njia ya kuingia kwenye silinda.

Bolti na vyuma vyote vya nje vifute kwa kitambaa chenye oili kidogo. Iweke juu ya ubao au matofali, isiguse sakafu. Mdomo wa ekzosi uzibe kwa tambara la rangi nyekundu linaloning'inia, ili nyigu wasijenge na wewe usisahau kulitoa. Turubai liwe na upenyo chini. Likizibwa kabisa linageuka sufuria ya mvuke.

Daftari

Jenereta nyingi ndogo hazina mita ya saa, na kumbukumbu haiaminiki. Letu ni daftari la shule lenye kurasa 48, limefungwa kwa kamba ndani ya mlango wa stoo, kalamu nayo imefungwa. Kila ikiwashwa anayeiwasha anaandika tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima. Pembeni naandika nilichofanya na nilichokiona. Mistari ya Jumamosi iliyopita inasomeka hivi: dakika 25, pasi, volti 231 bila mzigo, 224 na mzigo, oili iko alama ya juu, imeanza kuwa nyeusi, jumla saa 61 tangu oili ya mwisho, mpira wa mafuta una ufa karibu na koki, nunua mwingine wiki hii.